Priampu ya Bei Nafuu kwa Kurekodi Nyumbani: Mambo ya Kutazama Kabla Hujatoa Pesa

Kila Mfungo Sita ukikaribia, maswali ninayoletewa huwa ni yale yale. Vijana wa madrasa wanataka kurekodi kasida za Maulidi. Mwengine ana babu aliyehifadhi tenzi moyoni, umri umeshasonga, na familia inataka sauti yake ibaki. Mwengine ni mwimbaji aliyechoka kulipia studio kwa saa. Wote hawa maiki wanayo, au wanaijua watakayonunua. Wanapokwama ni pale katikati, baina ya maiki na kompyuta, kwenye kile chombo kinachoitwa priampu. Dukani wanaambiwa cha rahisi kina kelele, na cha maana kiko maelfu kadhaa juu. Basi kuna anayekata tamaa akarudi kurekodi kwa simu, na kuna anayeuza kitu cha nyumbani ili anunue asichokihitaji. Babu naye haongojei.

Nauweka msimamo wangu mapema ili asiyekuwa na wakati asihangaike: kwa sauti ya mtu mmoja au wawili nyumbani, priampu ya transista iliyomo ndani ya intafesi ya USB ya bei nafuu inatosha. Diploma yangu ni ya elektroniki na vyombo hivi nimevifungua vingi, kwa hivyo sitaki uniamini kwa maneno matupu. Hesabu iko hapa chini.

Kwanza tuelewane lugha. Kiswahili chetu kimelitwika neno "kipaza sauti" mizigo miwili: kile unachosemea na kile kinachotoa sauti juu ya mnara wa msikiti. Hapa nitasema maiki kwa kile unachosemea. Intafesi ni kile kisanduku chenye tundu la maiki upande mmoja na waya wa USB upande wa pili. Ndani yake mna vitu viwili: priampu, na sehemu inayogeuza umeme wa sauti kuwa tarakimu za kompyuta.

Kazi ya priampu ni moja. Maiki hutoa umeme mdogo mno, wa milivolti chache au hata chini ya moja, na kompyuta haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Priampu huukuza mpaka ukaribie volti moja. Ukuzaji hupimwa kwa desibeli: kila desibeli 20 ni mara kumi, kwa hivyo desibeli 60 ni mara 1,000. Ukikuza mara elfu, umekuza pia kila kosa lililokuwamo mara elfu. Ndiyo maana chombo hiki kidogo kinaogopwa.

Zamani kazi hii ilifanywa na vali, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya redio kuukuu. Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwishoni mwa 1947, na baada ya miaka mingi ya kusafishwa, leo saketi moja ndogo kuliko ukucha inafanya kazi ya priampu kwa usafi ambao mafundi wa studio za kale wangeutamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad ilibidi avuke bahari hadi Bombay ndipo HMV wamrekodi. Sasa chombo kinaingia mfukoni mwa kanzu. Tahadhari moja tu: ukiona priampu ya bei ya chini inajisifu kuwa ina vali ndani, usivutwe na ile taa. Vali hutaka umeme wa volti nyingi ili ifanye kazi yake sawasawa, na katika vyombo vingi vya rahisi hupewa kidogo tu, ikawa pambo linaloongeza mkwaruzo. Kwa pesa chache, transista ndiyo salama.

Hesabu ya babu na utenzi

Chukua maiki ya Shure SM58, ambayo utaikuta kwenye harusi na mihadhara kutoka Lamu hadi Vanga. Imekuwapo tangu 1966. Karatasi yake inasema hutoa milivolti 1.85 ikipokea sauti ya desibeli 94. Hiyo ni sauti kubwa, kama ya mtu anayesema mdomo ukikaribia kugusa maiki. Mzee anayesoma utenzi kwa sauti ya kawaida, maiki ikiwa sentimita 30 kutoka mdomoni, hufikisha kama desibeli 70 tu. Pungufu ni desibeli 24, na maiki inatoa kama sehemu ya nane ya milivolti moja. Ili ufike kiwango kizuri cha kurekodi utahitaji ukuzaji wa kama desibeli 67, na intafesi nyingi za bei ya chini huishia hamsini na kitu. Kijana anazungusha kitasa mpaka mwisho, sauti bado ndogo, anaikuza kwenye kompyuta, inakuja "shhhh" kama mawimbi. Hapo priampu inatukanwa.

Sasa sogeza maiki iwe sentimita 10 kutoka mdomoni. Umepata karibu desibeli 10 bila kutoa hata senti. Hesabu imeshuka hadi 57, na chombo chako cha hamsini na sita kinafika. Iweke maiki pembeni kidogo ya mdomo, isiwe mbele kabisa, ili herufi za "p" na "b" zisipige kama ngoma. Soksi nyepesi ya kike iliyovutwa juu ya kitanzi cha waya inasaidia vile vile.

Sasa kelele. Karatasi ya intafesi huwa na namba ya kelele ya priampu, yenye herufi EIN, na namba nzuri ni kama −128 dBu. Kadiri inavyokwenda chini ya sifuri ndivyo inavyokuwa bora. Nataka uone kitu hapa. Maiki yenyewe ina upinzani wa umeme ndani yake, na vipimo hufanywa kwa upinzani wa omu 150. Upinzani huo, hata usipofungwa priampu yoyote, una kelele yake ya karibu −131 dBu katika joto la kawaida la chumba, kwa sababu elektroni hazitulii. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoumba maada. Kwa hivyo chombo cha −128 kimebakisha desibeli tatu tu kufika ukutani, na ukuta huo haununuliki hata ukitoa laki tano.

Turudi kwa mzee. Akisoma kwa sentimita 10, sauti inaingia kwenye priampu ikiwa juu ya kelele ya priampu kwa desibeli sitini na kidogo. Lakini chumba chenyewe, cha mtaani, mchana, dirisha limefungwa, kina kama desibeli 40 za kelele, na sauti ya mzee hapo kwenye maiki ni kama 80. Yaani sauti iko juu ya kelele za chumba kwa desibeli 40 tu. Chumba kinashinda priampu kwa kelele, tena kwa desibeli ishirini na zaidi. Feni ya darini, friji ya jikoni, tuktuk inayopiga kona: hizo ndizo zitakazosikika, na priampu ya ghali itazirekodi kwa uaminifu zaidi.

Kwa anayeishi Mji wa Kale au mitaa ya mawe ya Lamu, kuta nene za matumbawe ni neema, zinazuia mengi ya nje. Shida yao ni mwangwi, maana chokaa na sakafu ya saruji hurudisha sauti. Tundika blanketi nzito nyuma na pembeni ya msomaji, simamisha godoro, tandika zulia au mikeka miwili mitatu. Zima feni, ondoa friji kwenye soketi kwa nusu saa. Rekodi baada ya Isha mtaa ukitulia, au baada ya Alfajiri kabla bodaboda hazijaamka. Mimi kwa vyumba vyetu hivi nikiwa na elfu tano za ziada, naziweka kwenye blanketi na waya mzuri kabla ya kufikiria priampu.

Namba za kuuliza dukani

Muuzaji atakuambia habari za "192". Hiyo ni kasi ya kuchukua sampuli na kwa sauti ya mtu haikusaidii, 44.1 au 48 inatosha. Wewe uliza ukuzaji wa juu kabisa ni desibeli ngapi, EIN ni ngapi, na kama ina volti 48 za kweli. Ukiwa na maiki ya dainamiki, ukuzaji usiwe chini ya 55. Ukiwa na ya kondensa, ambayo yenyewe hutoa umeme mwingi zaidi, 45 inaweza kutosha. Namba ya EIN ukiiona imeandikwa herufi A mwishoni, jua imepimwa kwa njia inayoipendezesha kwa kama desibeli mbili. Si udanganyifu, ila usiilinganishe na isiyo na A.

Kwa mifano: Behringer UM2 ni miongoni mwa za chini kabisa kwa bei, ina priampu moja na hurekodi kwa biti 16. Kwa mtu mmoja anayesema karibu na maiki, inafanya kazi. Ndugu yake UMC202HD ana priampu mbili na biti 24, na mimi kama pesa zinafika ningepanda hapo, kwa sababu biti 24 zinakupa nafasi ya kurekodi chini kidogo bila kuogopa. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, ambayo sasa inapatikana sana ikiwa mitumba, ina desibeli 56 na EIN ya −128. Ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, imepanda hadi 69, na hiyo ni tofauti ya maana kwa wenye maiki nzito. Audient EVO 4 ina 58. MOTU M2 ina 60 na EIN ya −129. Kutoka hiyo ya −128 hadi hii ya −129, hakuna sikio ndani ya nyumba zetu litakalotenganisha.

Mikisa midogo pia ni priampu. Kama kundi lenu la kasida tayari lina Yamaha MG06 ya kufanyia shughuli, humo mna priampu mbili safi za transista. Chukua waya kutoka tundu lake la kutolea sauti uingize kwenye tundu la laini la intafesi yoyote ya rahisi, na mmeokoa pesa. Kinachotakiwa ni tundu la laini, si la maiki, ama sivyo mnakuza kitu kilichokwisha kukuzwa na sauti inapasuka. Dufu na matari, kwa taarifa, havihitaji ukuzaji mkubwa kabisa. Vyenyewe vina kelele ya kutosha, na tatizo lake ni priampu kuzidiwa. Punguza geini hadi vilele viishie kama −12 kwenye mita ya programu, na mpiga dufu mwambie arudi nyuma hatua mbili. Atakasirika, mwache.

Udi ni habari nyingine. Sauti yake ni ndogo na ina mambo mengi ya juu, na maiki ya dainamiki iliyo mbali itaufanya usikike kama uko ndani ya kabati. Tumia kondensa, sentimita 20 hadi 30 hivi, ielekezwe pale shingo inapokutana na tumbo, isiangalie tundu moja kwa moja.

Hizo volti 48

Hapa ndipo watu wetu wanapoibiwa, na nitasema wazi. Maiki ya kondensa haifanyi kazi bila umeme, na umeme huo, unaoitwa fantomu, hutoka kwenye priampu na kupita katika waya ule ule wa XLR. Kiwango cha volti 48 kilianza 1966 pale kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipotengeneza maiki za transista kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway. Kipimo kinachokubalika leo ni baina ya 44 na 52.

Sasa kuna seti za kondensa zinazouzwa na stendi, soksi ya sponji na waya mmoja wenye XLR upande huu na plagi ndogo ya simu upande ule. Kijana anaichomeka kwenye laptopu na kupata sauti ya mbali yenye mvumo. Tundu la laptopu hutoa volti chache tu, labda mbili au tano, sembuse 48. Maiki ina njaa. Ikiwa tayari unayo, usiitupe. Nunua waya wa kawaida wa XLR pande zote mbili na uichomeke kwenye intafesi yenye fantomu, na zingine hubadilika kabisa. Nyengine zimetengenezwa kwa volti tano tu na hazitakuwa kitu, lakini jaribio ni la bei ya waya.

Pia si kila kitufe kilichoandikwa 48V kinasema kweli. Mwaka jana niliwekewa mezani kikisa kisicho na jina la maana, kipya kutoka boksini, nikaweka mita: volti 17. Mwenyewe alikuwa ameshalaumu maiki mbili. Kupima ni rahisi, fundi yeyote wa umeme anaweza: washa fantomu, ncha moja ya mita kwenye pini namba 1 ya tundu la XLR, nyengine kwenye namba 2, kisha namba 3. Zote mbili ziwe karibu na 48, na zilingane. Zisipolingana, chombo kina hitilafu.

Maiki ya dainamiki kama SM58 haidhuriki na fantomu ikiwa waya ni mzima. Maiki za utepe, hasa kuukuu, zinaweza kuharibika. Mazoea mazuri ni kuzima fantomu, kushusha geini, kuchomeka, ndipo uwashe.

Lini ununue priampu ya ziada

Wapo wanaohitaji zaidi, nami siwazuii. Mwenye Shure SM7B, ile maiki nene inayoonekana kwenye podikasti, ana maiki inayotoa milivolti 1.12 tu kwa zile desibeli 94, na watengenezaji wenyewe wanataka ukuzaji wa angalau 60. Kwa huyu, kabla ya kubadilisha intafesi nzima, kuna vikuzaji vidogo vinavyokaa baina ya maiki na intafesi: Cloudlifter CL-1 huongeza hadi desibeli 25, FetHead kama 27. Navyo ni priampu za transista, vinakula zile volti 48 za intafesi na havizipitishi kwa maiki. Kwa hivyo usivifunge na kondensa. Na kama SM58 yako iko sentimita 10 na mtu anaimba, huna haja navyo.

Priampu za kusimama peke yake ni hatua nyingine. Focusrite ISA One, kwa mfano, ina transfoma ya Lundahl mlangoni, na asili ya muundo wake ni miaka ya themanini, katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya studio za AIR za George Martin. Ni chombo kizuri. Transfoma hutia sauti uzito fulani ambao watu huulipia, na ni halali yao. Lakini huo ni utashi wa ladha, kama kuchagua iliki kwenye chai. Chombo hicho bado kinahitaji intafesi ya kuingilia kwenye kompyuta, kwa hivyo bei unayoiona si bei yote.

Sababu moja nzito ya kununua zaidi ni idadi. Kundi la watu wanane, kila mmoja na maiki yake, linahitaji priampu nane. Behringer ADA8200 ina nane ndani ya boksi moja, ila inataka intafesi yenye tundu la ADAT la waya wa mwanga, na nyingi za bei ya chini hazina. Uliza kabla hujalipa. Kwa kasida, maiki mbili nzuri mbele ya kundi zima, watu wamesimama nusu duara, hunipendeza zaidi kuliko maiki nane mbovu.

Umeme na chumvi

Mvumo wa "mmmm" mzito ni umeme wa nyumba, hertsi 50. Nyumba nyingi za zamani soketi zake hazina ardhi, na charja ya laptopu huleta kelele yake kupitia USB. Chomoa charja, rekodi kwa betri. Mvumo ukiondoka, priampu yako haina kosa. Intafesi iende moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya mfupi, isipitie kigawanyio cha USB, kwa sababu fantomu nayo inatokana na zile volti tano za USB na zikipungua maiki huanza kukwaruza.

Ukinunua ya mitumba, nenda na maiki yako, waya wako, laptopu na hedifoni. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Chomeka, zungusha geini taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho: mkwaruzo wa kitasa ni uchafu na husafishika, lakini sauti inayokatika ghafla ni kazi ya fundi. Tikisa plagi ndani ya tundu. Kisha rekodi nusu dakika ya kimya geini ikiwa robo tatu, kwa matundu yote mawili, usikilize. Upande mmoja ukiwa na "shhh" kubwa kuliko mwengine, rudisha.

Na sisi wa pwani tuna adui ambaye wa bara hamjui. Upepo wa chumvi hula plagi. Maiki ya kondensa iliyoachwa wazi kwenye stendi mwezi mzima karibu na dirisha la baharini huanza kutoa milio kama mafuta ya kukaanga, na watu hudhani ni priampu. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Intafesi ifunike kitambaa, matundu yake yakitazama chini. Plagi za XLR zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila mwezi, na zikianza kuota ukungu wa kijani, kwa spiriti.